Riboni Nilizofunga kwenye Gari la Mzee Gaspard

Ketia na Benita, wadogo zangu,

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, na nimestaafu kazi ya kufunga riboni kwenye magari ya harusi. Shangazi Odette, mwenye biashara, anatumia neno jingine kueleza namna nilivyoondoka, lakini mtu anayestaafu ana haki ya kuchagua maneno yake. Kwa kuwa likizo hii ninyi ndio mnachukua mkasi, nimeona niwaandikie mambo ya kazini. Kawaida mimi huandika shajara, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuisoma. Hii ni mara ya kwanza ninaandika kitu nikitaka kisomwe, kwa hiyo msikisome kwa sauti mbele ya watu. Hasa wewe, Benita.

Siku yangu ya kwanza Shangazi alinipokea pale Gisimenti, hapahapa Kigali, kwenye kile chumba chake nyuma ya wachoma mishikaki, ambamo maua yote ya plastiki yananuka moshi. Wenzangu wote walipelekwa kupamba kumbi. Mimi akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ukumbini hapana," akasema. "Kule utakutana na mama wa bibi harusi. Wewe mtu akikusalimia unajibu viatu vyake. Nenda kwenye magari. Gari haisalimii mtu."

Nilifurahi sana. Nilidhani nimepata kazi ambayo haina watu ndani yake. Mtakuja kuona kwamba kila gari lina dereva, na dereva wa harusi huongea kuliko padri.

Gari langu la kwanza lilikuwa jeupe, na mimi nikalifunga riboni nyeupe. Kwenye picha lilionekana kama gari lililotoka hospitali. La pili nililipenda zaidi: ua kubwa la riboni nyekundu, nikaliweka katikati ya kioo cha mbele, nikaona linahitaji kushikiliwa na kitu, nikalifunga kwenye waipa. Mvua ikanyesha Remera. Dereva akawasha waipa. Maharusi walifika ukumbini wakitanguliwa na ua linalopunga mkono kushoto na kulia, na wageni wengine wakalipungia. Shangazi hakunigombeza. Alikaa chini ukutani, akafunika uso na leso, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Vyombo vya kazi ni hivi, na msimwazime mtu: mkasi wa kuning'iniza shingoni, vibanio vya nguo, waya mwembamba, kitambaa safi cha kufutia, na aproni yenye mfuko wa mbele. Utepe wa gundi ni marufuku, maana ukiubandua unaondoka na rangi ya gari, na mwenye gari anaondoka na wewe. Halafu kuna fundo. Shangazi alinifundisha fundo lake kwenye mguu wa meza, siku nzima, mpaka meza ikawa imevaa kuliko mimi. Zamani, riboni ya mfanyakazi wake mmoja ilifunguka barabarani ikamzunguka shingoni mtu wa moto, yaani wa pikipiki ya abiria, yeye na abiria wake. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo fundo la Shangazi halifunguki. "Ndoa yao ni shauri yao," husema. "Fundo langu halivunjiki."

Kanuni ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Ukifika kwenye gari, unampigia simu dereva, unamwambia nimefika, gari ni hii? Ni jambo jepesi, ila mimi kumpigia simu mtu nisiyemjua siwezi. Kabla sijabonyeza namba huwa nafanya mazoezi ya "halo" mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo miaka yote ya kazi, yaani likizo zangu tatu, nilikuwa natuma ujumbe. Ilinifaa kabisa mpaka Jumamosi ile ya Muhima.

Shangazi alikuwa amenipa maelezo asubuhi, huku akipakia viti. "Gari nyeusi. Iko Muhima, kwenye ile barabara ya mafundi cherehani. Dereva anaenda kunyoa ndevu, wewe unafunga. Riboni nyeupe na neti. Umpigie ukifika." Nikasema ndiyo Shangazi. Nikachukua moto, nikashuka Muhima, na nikaliona.

Ngoja nilieleze vizuri, maana ndiyo sababu ya kila kitu.

Lilikuwa gari la Kimarekani, la zamani sana, refu kiasi kwamba lilianzia mbele ya duka la vitambaa na kuishia mbele ya duka la simu. Jeusi, lakini si jeusi la magari yetu, ambalo kwa vumbi la Kigali huwa kahawia kabla ya saa sita. Hili lilikuwa jeusi la kuonea nywele zako. Vyuma vya mbele viling'aa kama sinia za Pasaka. Nyuma lilikuwa na mapezi mawili kama samaki, magurudumu yana duara jeupe kama yamevaa soksi, na ndani viti vya ngozi nyekundu visivyo na ufa hata mmoja. Watu walikuwa wanapita pembeni yake polepole, wakiwa wameshusha sauti. Mwuza airtime mmoja alikuwa anajitazama kwenye bampa akirekebisha kofia. Nilijiona na mimi: uso mpana kama chapati, mkasi shingoni.

Mbele yake palikuwa na gari jingine, jipu jeusi la kawaida, lenye tope. Nililiona. Msije mkasema sikuliona. Nililitazama, nikalitazama hili jingine, nikajiuliza: gari kama hili limetoka nyumbani Jumamosi asubuhi kwenda wapi, kama si harusini? Nikatoa simu. Nikaandika: "Nimefika. Naanza kufunga."

Jibu likaja palepale: "Sawa."

Basi. Mtu mwenye ndevu zenye povu, huko kwa kinyozi, aliniambia sawa, na mimi nikaanza.

Nawaambia ukweli, sijawahi kufunga gari vizuri kama siku ile, na sitafunga tena. Nilifuta kila mahali kwanza. Nilipitisha riboni pana kutoka pembe mbili za boneti mpaka katikati, nikafunga ua kubwa mbele kwenye ule wavu wa vyuma, kwa waya, na juu ya waya fundo la Shangazi. Madirisha yalikuwa wazi kidogo kwa joto, nikapitisha riboni kutoka mlango hadi mlango na kufungia ndani. Mapezi ya nyuma nikayavalisha neti, kila moja na shela lake. Nilirudi nyuma hatua kadhaa kuangalia. Mwuza airtime akapiga makofi. Nikaona haya, nikaangalia viatu vyake.

Ndipo mzee mmoja akatoka kwa fundi cherehani, amebeba koti kwenye hanga. Mwembamba, mvi, tai ya kijani. Alisimama. Koti likaanguka.

"Non," akasema. "Non, non, non. Wewe binti, unafanya nini ku gari yangu?"

"Nafunga, Mzee."

"Unafunga nini? Nani anaoa?"

Nikamwonyesha simu. Akasoma "Sawa", akageuza simu upande wa pili kana kwamba maelezo yako nyuma. Wakati huohuo jipu la tope likapiga mlio mdogo, taa zikawaka, na kijana aliyenyolewa vizuri sana akatoka kwa kinyozi akiwa na funguo mkononi. Alilitazama jipu lake lililo tupu. Akanitazama. Nilitamani kuingia ndani ya mfuko wa aproni yangu.

Mkasi ulikuwa shingoni, nikaushika nikate zote haraka. Mzee akapiga kelele mpaka fundi cherehani akatoka.

"Makasi karibu na rangi yangu? Baba yangu aliendesha gari hii Bujumbura, haikuguswa na msumari! Fungua na mikono."

"Mzee, hili fundo halifunguki haraka."

"Basi panda. Ya ndani fungua njiani. Ya mbele utafungua tukifika. Nimechelewa, watu wananingoja Batsinda!"

Mama, kama umechukua barua hii kwa Ketia na unasoma hapa: ndiyo, najua. Niliingia kwenye gari la mtu nisiyemjua. Lakini nilikuwa nimeshalivalisha shela, niliona ni kama tumejuana.

Njiani ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mzee Gaspard, hilo ndilo jina lake, alikuwa anaenda kwenye gusaba, siku ambayo upande wa mvulana unakwenda kumwomba binti kwa wazazi wake. Yeye ndiye msemaji wa upande wa mvulana, na mvulana ni Patrick, mtoto wa marehemu mdogo wake. Mnajua wenyewe gusaba ilivyo. Unakwenda mdogo, mnyenyekevu, umejikunja, kama mtu asiye na hakika hata ya kupewa maji. Huendi na gari lililofungwa riboni. Gari la riboni ni la kumchukua binti aliyekwisha tolewa.

"Na huyu baba wa binti," Mzee Gaspard akasema, akikata kona kwa mikono yote miwili kama anageuza mashua, "alishatukataa mara moja. Shangazi za Patrick walikwenda na kelele, na kamera. Akasema, ninyi mnaongea kama mtoto wangu mmeshampakia. Amekubali tuje tena kwa sababu ya machozi ya msichana tu. Amesema akiona tena kujionyesha, anafunga geti, na Patrick atafute kwingine. Mimi nilitaka kuacha gari hii mbali, nyuma ya duka, niingie kwa miguu. Unaelewa, ma fille, binti yangu? Kwa miguu!"

"Pole, Mzee."

"Fungua!"

Nilifungua. Kila riboni niliyoifungua niliivuta ndani, na neti za mapezi tulikuwa tumezitupa kwenye kiti kabla hatujaondoka, kwa hiyo nikawa nimezama kwenye kitambaa cheupe mpaka kidevuni. Na ua la mbele bado liko. Sasa fikirini mnavyoona barabarani: gari refu jeusi la ajabu, ua la harusi mbele, na nyuma msichana peke yake amekaa katikati ya neti nyeupe.

Kigali nzima ilitupigia honi. Watu wa moto walituzunguka, wakapiga honi. Lori la mchanga likapiga honi. Mama mmoja kwenye kituo akapiga vigelegele. Mzee Gaspard alikuwa anatoa mkono dirishani kuwakataza, na wao wakadhani anawashukuru. Mtoto mmoja alinipungia kwa nguvu sana hata nikaona vibaya kumwacha hivyo. Nikampungia. Mara moja tu, mkono mdogo.

"Usipunge!" akasema Mzee kwenye kioo.

Tulifika Batsinda na pikipiki kadhaa nyuma yetu ambazo hatukuzialika. Mpango ulikuwa tusimame nyuma ya duka. Lakini kwa honi zile, nani angebaki ndani? Watu wa nyumba ya binti walikuwa wameshatoka mpaka njiani. Mbele yao alisimama msemaji wao, mzee mfupi mwenye kofia ya pama na fimbo. Nyuma yake, mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, mikono nyuma. Hakuna aliyeniambia ni nani. Alikuwa analitazama lile ua kama mtu anayetazama nyoka mlangoni. Upande wa pili wa njia, ndugu za Patrick walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, na Patrick mwenyewe, kijana mwenye suti inayombana, alifumba macho.

Mzee wa kofia alizunguka gari. Polepole. Akainama, akachungulia dirisha la nyuma, akaniona.

"Eee!" akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa wote. "Mumekuja kuomba msichana, na mumekuja na mwingine? Huyu mumemuomba wapi? Au kule mulipewa bila kuuliza, ndiyo muko najaribu na hapa?"

Watu wakacheka, lakini cheko la upande mmoja tu. Mzee Gaspard alishuka, akainamisha kichwa. Hapo ndipo msemaji anapaswa kuwa na maneno matamu, na yeye alikuwa ameyaandaa wiki nzima, alinisomea mengine njiani. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akanitazama mimi. Yule mwanamume wa suti ya kijivu akageuka na kuanza kutembea kuelekea getini.

Wadogo zangu, sijui nilishukaje. Nakumbuka neti ilinifuata ikanaswa mlangoni, nikawa kama nimefungwa mkia. Nikasimama pale na aproni na mkasi, mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kuongea nao maisha yangu yote ukiwajumlisha.

"Ni mimi," nikasema. Mzee wa kofia akaweka mkono sikioni. Nikarudia. "Ni mimi niliyefunga. Mimi nafunga magari ya harusi. Nilitumwa kwenye gari jingine. Hili Mzee alilipaki tu, anachukua koti. Mimi nililiona zuri, sikuuliza, nikalifunga."

"Rudia hapo mwisho."

"Nililiona zuri. Sikuuliza."

"Umeona kitu kizuri kwa watu," akasema mzee wa kofia, sasa akiwageukia wenzake, fimbo juu, amefurahi kama mtu aliyeletewa chakula, "hukuuliza wenyewe, ukakifunga, ukapanda, ukaondoka nacho! Wewe usituambie umetoka mjini. Wewe ni wa upande wa mvulana kabisa! Hao ndio watu tunaowaogopa hapa!"

Safari hii walicheka wote, ila Patrick na yule wa suti. Huyo wa suti alikuwa amefika getini, mkono kwenye komeo. Mimi niliangalia viatu vya mzee wa kofia. Vilikuwa vya kahawia, vimepakwa rangi vizuri. Nikaviambia:

"Hapana, Mzee. Mimi ndiye sikuuliza. Wao wamekuja kuuliza."

Nikadhani nimekosea tena. Mzee wa kofia alishusha fimbo, akatazama getini. Sote tukatazama getini. Mkono ulikuwa bado kwenye komeo.

"Afungue hilo ua kwanza," akasema yule mwanamume wa suti, bila kugeuka. "Halafu wapeni viti."

Nilipiga magoti mbele ya gari. Mnajua fundo la Shangazi. Ukoo mzima wa pande mbili ulisimama ukiningoja, na baada ya muda kila mtu akawa na ushauri. Vuta huku. Lilowanishe. Lipulizie. Mama mmoja alileta kisu cha jikoni. "Hakuna kisu!" akalia Mzee Gaspard, sauti yake ikawa imerudi. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye aproni. Ilikuwa Shangazi: "Uko wapi?" Halafu: "Gari iko wapi?" Halafu jina langu tu, na nukta. Baadaye nilisikia alikwenda Muhima mwenyewe na riboni za kufungia viti, akalivalisha lile jipu kwa hizo. Huku kwangu kucha zangu mbili zilivunjika, waya ukalegea, ua likatoka. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja kwenye vyuma, na Mzee Gaspard alivikagua kwa leso.

Wakaingia. Mimi nikabaki nje, mpaka mzee wa kofia akarudi kuniuliza kama upande wetu una desturi ya kuacha watoto barabarani. Kwa hiyo nilikaa kwenye hema la watu wa mvulana, mstari wa nyuma, na rundo la neti mapajani, kwa sababu sikujua namna ya kuaga. Nilikula. Nilikunywa Fanta. Mzee Gaspard aliongea vizuri sana, alijishusha mpaka nikadhani atakaa chini. Na mwishoni, baada ya maneno marefu ya kukataa-kataa kama ilivyo ada, binti akatolewa. Alitoka ndani akicheka na kulia, Patrick akasahau alichotakiwa kusema, na wanawake wakapiga vigelegele vya kweli.

Watu walipokuwa wanasimama, yule baba wa suti ya kijivu alinijia. Niliona viatu kwanza.

"Binti, yale mambo yako unayo bado?"

Nikamwonyesha neti na riboni.

"Ile ya mbele," akasema. "Hiyo moja tu. Waondoke nayo."

Tukatoka wawili mpaka kwenye gari. Aliinama pamoja nami mbele ya vile vyuma, suti na yote, akanishikia upande mmoja wa riboni.

"Nivute kiasi gani?"

"Vuta tu, Mzee."

Akavuta. Nilifunga fundo, nikakaza, nikalitandaza ua, nikakunja ncha. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika.

Nikangoja.

"Limekaa?" akauliza.

"Limekaa, Mzee."

Akaachia.